Shujaa Asiyetaka Mchumba

Riwaya za fantasia zinazoandikiwa watoto wa miaka 8 hadi 12 zina shujaa ambaye baadhi ya wazazi hapa Moshi wanamtilia shaka: msichana anayepambana na mazimwi pamoja na rafiki yake wa kiume, kisha, kila mtu anaposubiri wachumbiane, anatamka kwamba hataki, na urafiki unaendelea. Hoja ya wanaompinga ina uzito. Katika ngano zetu harusi ilikuwa malipo ya haki, kwani kijana fukara alipopewa binti wa mfalme msikilizaji aliridhika kwamba dhuluma imekwisha. Tena wanauliza kwa nini mtoto afundishwe kukataa jambo lisilo la umri wake.

Lakini ni nani anayemletea jambo hilo? Familia zinapopanda mlimani kula Krismasi, binti wa miaka 11 anayepitisha sinia la vikombe huulizwa na shangazi na wajomba, kwa utani tu, mchumba wake wa shuleni ni nani. Akisema hana, huambiwa anaficha. Akitaja jina lolote, huachwa apite. Amekwisha kujua kwamba kuusemea moyo wake uongo kunapokelewa vizuri kuliko ukweli, nami silioni hilo kuwa dogo. Ndiyo sababu, katika riwaya hizi, mlango wa uchawi usiofunguka mpaka shujaa aseme anachohisi hasa unamwingia mtoto huyu kuliko nasaha yoyote.

Umri huo haupaswi kupitwa haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kati ya 11 na 15 kuna miaka minne tu. Sidai kwamba riwaya huzuia ndoa za utotoni, ila sioni ni lini basi, kama si sasa, binti angezoea kusema asichokitaka na asichekwe.

Kasoro ya riwaya hizi naiona kwingine: rafiki aliyekataliwa hupoa upesi mno. Masimulizi ya Wachagga, ambayo nayo hayakuhitaji harusi, yanasema Mawenzi, kilele kidogo cha Kilimanjaro, alirudi kuomba moto kwa Kibo, kilele kikubwa, mara nyingi mno, hata Kibo akachoka akampiga, na mapengo ya kipigo kile bado yanaonekana kileleni. Waandishi wa fantasia wangethubutu kumwacha rafiki huyo akasirike kwa sura mbili tatu, wasomaji wao wangewaamini zaidi.