Kabla hujalipia kambwa kadogo, nenda ukamuone mama yake

Zikikaribia likizo za Desemba kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mbeya zinaanza kumwagika picha za vitoto vya mbwa, vyeupe, manyoya yamefunika mpaka macho, na chini imeandikwa chotara wa Maltese (aina ya mbwa wadogo wa kizungu), haongezeki ukubwa, tunatuma mikoa yote. Watoto wakishaona hiyo picha basi, baba hana usingizi mpaka atume hela, na kesho yake usiku kaboksi kanashushwa stendi. Mi nawapenda sana mbwa na ningependa kila nyumba yenye watoto iwe na wa kwake, ila huu ununuaji wa picha naupinga kabisa.

Kwanza unauziwa baba wa maneno. Mbwa jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja, na uzao mmoja ukawa na baba wawili, yani vitoto vinavyonyonya pamoja kimoja ni cha Maltese wa jirani na kingine cha dume lililoruka ukuta usiku. Kwaiyo hata muuzaji mkweli anaweza asijue. Anayejulikana kwa uhakika ni mama peke yake, ndo maana nang'ang'ania huyo. Ukimuona mama unapata picha ya ukubwa kitoto kitakaofikia (siyo uhakika, picha tu), unaona ngozi yake, meno yake, unaona anatembea vizuri au anarusha mguu mmoja wa nyuma kama anaruka kamba. Hilo la mguu litazameni sana, mana mbwa wadogo wengi pia ya goti inateleza na kutoka mahali pake, na usidanganyike kwamba chotara hapati, ukichanganya Maltese na Poodle mdogo ambao wote wana shida hiyohiyo hakuna cha kumlinda mtoto.

Afu kuna tabia, na hapa ndo ningependa mtu asome taratibu. Kitoto cha mbwa kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ndo kinajifunza dunia ikoje, binadamu ni wa kuogopa au ni wa kukimbilia, kelele ya pikipiki ni kitu gani, mtoto wa miaka mitatu anayelia ni kitu gani. Kikilelewa kwenye banda la nyuma bila kushikwashikwa na watu, ukikileta nyumbani kina miezi mitatu umeshachelewa sehemu kubwa, utapata mbwa anayejificha chini ya kochi na kung'ata kwa woga, na mbwa anayeng'ata kwa woga ndiye anayeumiza watoto. Mama naye akiwa mwoga, anatetemeka wageni wakiingia, watoto wake wengi wanafuata humohumo. Kwaiyo ukifika kaa chini, nyamaza, angalia kipi kinakuja chenyewe kunusa viatu vyako. Kitakachokaa pembeni utakionea huruma, naelewa, lakini kama nyumbani una watoto wadogo chukua kilichokuja.

Ukiwa hapohapo mwinue mtazame. Macho yasiwe na tongotongo zito, fizi ziwe na rangi ya waridi na siyo nyeupe, nyuma pasiwe na uharo uliokauka. Tumbo likiwa limevimba kama puto na mbavu zinaonekana, hiyo ni minyoo, na minyoo ya mbwa kitoto anazaliwa nayo kabisa kutoka kwa mama na anaongezewa kwenye maziwa, ndo maana dawa inaanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi mitatu. Muulize mwenye mbwa kampa lini. Akikujibu "huyu hana minyoo", shukuru uondoke. Na chini ya wiki 8 usimtoe kwa mama yake hata kama unaambiwa ameshaanza kula ugali.

Kuhusu kusafirishwa kwa basi. Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, kitoto cha kilo moja kipo kwenye boksi chini na mizigo, hakili, hakinywi, kinatetemeka. Hawa wadogo sana sukari ya mwili inashuka haraka wakikaa na njaa, anaanza kulegea, anayumba, anapoteza fahamu, ndo wale mnaosema "alifika mzima asubuhi akafa". Na kama alitoka sehemu yenye parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua vitoto vya mbwa, basi ameshakuletea kirusi kwenye udongo wa kwako, kinakaa muda mrefu sana, na kitoto utakachokinunua kufidia kinaweza kuugua palepale. Kwa nini upitie yote hayo wakati Uyole, Tukuyu, Mafinga, Iringa mjini, kote huko kuna watu wana vijike vidogo vya kienyeji vilivyochanganyika na Spitz au Maltese, unaenda Jumamosi unakunywa chai kwa mwenyewe unamwona mbwa na mama yake na unarudi naye umempakata? Kwangu huyo chotara wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, ndiye mbwa wa nyumba za huku. Yale manyoya marefu ya kwenye picha kiangazi yanabeba vumbi, masika yanabeba tope, usipoyachana yanafungamana yanavuta ngozi mpaka inatoka vidonda, na nani kwenu atayachana kila siku? Na mwenye aleji asidanganywe kwamba mbwa asiyepukutisha manyoya hana shida, kinachosumbua kipo kwenye mate na kwenye ngozi.

Akishafika nyumbani, baridi. Tumezoea kwamba mbwa analala nje kwa kuwa ni mlinzi, sawa, lile jibwa la kilo 30 linavumilia, lakini mwili mdogo unapoteza joto haraka na Juni, Julai, Agosti hapa usiku unashuka chini ya nyuzi 10, Makete na Njombe usiseme, barafu inalala kwenye majani. Mlaze ndani, stoo au jikoni, kwenye ubao au gunia lenye blanketi kuukuu, siyo kwenye sementi tupu. Na tafadhali msimwekee jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ile hewa inaua mbwa na inaua watu.

Chakula hakina ufundi mwingi: ugali au wali na dagaa waliooshwa mchanga wakachemshwa bila chumvi, siku nyingine yai, nyama kidogo, na kitoto kilishwe mara tatu au nne kwa siku. Ila msimwagie mabaki ya mchuzi, mana vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, na kwa mwili mdogo kiasi kidogo tu kinatosha kuleta madhara. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, hapana. Chokoleti na zabibu hapana. Msimu wa parachichi angalieni kokwa, analicheza kama mpira akilimeza linaziba utumbo. Kuna hili la mapupu na maini yaliyokataliwa machinjioni ambayo watu wanayanunua bei chee na kuwatupia mbwa mabichi, huko ndani kunaweza kuwa na malengelenge ya tegu, mbwa anapata tegu, mayai yanatoka kwenye kinyesi na kubaki kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa afu anakula bila kunawa. Chemsha mpaka iive kabisa au usinunue. Na akiumwa msimpe vidonge vyenu vya maumivu, vingi vinaharibu tumbo lake, figo au ini.

Chanjo sina la kujadiliana na mtu. Ya kichaa akifika miezi mitatu na kurudia kila mwaka, za parvo na distempa (kirusi kingine kinachoua mbwa) zinaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 zinarudiwa kila wiki tatu nne mpaka apite wiki 16, muone daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata na kadi itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kambwa kadogo ka ndani nako kanapata kichaa, kanatoka getini mara moja tu kanang'atwa na mbwa anayepita basi. Na kichaa dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo, karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa, au hata akikwaruzwa tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, saa iangaliwe, ndipo mwende hospitali akachomwe sindano siku hiyohiyo, msimpake sijui mafuta ya taa sijui majani. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, kipindi hicho sikilizieni matangazo ya halmashauri.

Kupe mtafute kwa vidole kila jioni, masikioni, kwapani, katikati ya vidole, hasa kama jirani anafuga ng'ombe. Mkojo ukiwa mwekundu na fizi zimepauka inaweza kuwa ugonjwa wa kupe, mpeleke kwa daktari, usisubiri kesho.

Watoto nao wafundishwe. Hakuna kumgusa akiwa anakula, hakuna kumwamsha kwa kumbeba juu juu, mbwa mdogo akidondoka kutoka mikononi anavunjika mguu kirahisi sana. Majirani Waislamu wakija mheshimuni mgeni, mfungeni mbwa au muwekeni chumba kingine kabla hajaingia, siyo mpaka amrukie na kumlamba nguo ndo mnaanza kusema "hang'ati huyo". Na fikiria muda, hawa wadogo wanafika miaka 12 mpaka 15, mtoto anayeanza la kwanza leo anaweza kumaliza kidato cha nne mbwa bado yupo mlangoni, mzee, meno hana.

La mwisho ni majike. Kambwa kadogo kanaweza kuingia kwenye joto kana miezi 6 tu, na madume ya mtaani hayaangalii ukubwa. Akibeba mimba ya dume kubwa watoto wanaweza kushindwa kutoka, anahitaji kupasuliwa, na saa nane usiku mtaani kwako utampata nani wa kumpasua? Siku unapompeleka kwa chanjo ya kwanza muulize daktari kuhusu kumfunga kizazi, gharama ni kiasi gani na umlete akiwa na umri gani, uanze kuweka hela pembeni mapema.