Mpiga kinanda tunayemwimba msibani

Kwenye kitabu changu cha Tenzi, wimbo wa “Kaa nami, ni usiku tena” umechapwa maneno matupu. Jina la mtunzi halipo, la mfasiri halipo, na la aliyetunga sauti, yaani tuni yake, ndiyo kabisa. Mwalimu wetu wa kwaya aliniandikia nota pembeni kwa penseli: mi, mi, re, do, so. Nimezipiga kwenye misiba mingi hadi vidole vinakwenda vyenyewe, na miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza ni za nani.

Ni za William Henry Monk, aliyezaliwa London mwaka 1823. Ukitafuta visa vya kusisimua katika maisha yake utarudi mikono mitupu. Alianza kupiga kinanda kanisani akiwa kijana wa miaka 18, akapita makanisa mawili matatu ya mjini, akaongoza kwaya ya King's College ya huko huko London, na mwaka 1852 akashika kinanda cha kanisa la Mtakatifu Mathiya, Stoke Newington. Hakukiachia mpaka alipofariki Machi 1889. Miaka zaidi ya thelathini na tano, benchi lile lile! Tena alianzisha ibada ya kuimba kila siku, kwa kwaya ya watu wa kujitolea. Aliyewahi kuongoza kwaya ya kujitolea, ambako wingu likitanda tu besi hawaonekani, atamvulia kofia kwa hilo peke yake.

Mwaka 1861 lilitoka toleo la kwanza la kitabu kikubwa cha nyimbo cha Waanglikana, nyimbo 273, na mhariri wa muziki alikuwa yeye. Humo mlikuwa na “Abide with Me”, ndiyo “Kaa nami” yetu kwa Kiingereza, shairi la Henry Francis Lyte, kasisi wa Brixham aliyefariki mwaka 1847 kwa kifua kikuu. Lyte alikuwa amelitungia sauti yake mwenyewe, ila haikushika. Monk akatunga nyingine.

Aliitungaje? Wapo wanaosimulia kwamba kikao cha kamati kilikwisha, akagundua shairi lile halina sauti, akaketi akaiandika kwa dakika kumi. Mjane wake alisimulia vingine: walikuwa katika huzuni kubwa, na sauti ilimjia wakitazama pamoja jua likizama, kama walivyozoea kila siku. Mimi namwamini mjane, alikuwepo. Lakini hizo dakika kumi nazo hazinipi shida. Mtu anayepiga ibada kila siku mkono wake umeshajaa.

Sasa hebu imba mstari wa kwanza polepole. Nota ya kwanza ni ndefu, imeketi juu ya silabi moja. Kwa Kiingereza silabi hiyo ni ile “a” dhaifu ya mwanzo wa “abide”, na waimbaji wao huivuta kwa taabu. Kwetu inaangukia “Ka” ya “Kaa”, mahali hasa ambapo ulimi wetu hukaza. Silabi za mstari ni kumi, nota ni kumi. “Nami” ndiyo inaumia kidogo, maana “mi” inavutwa kuliko “na”, lakini msibani nani analalamika?

Ndiyo maana nasema jina la Monk liandikwe. Maneno ya Lyte yalivuliwa yote njiani kuja kwetu, yakavishwa mengine. Kilichofika bila kubadilika ni kazi ya mpiga kinanda. Hata mashabiki wa mpira Uingereza, tangu fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1927, huimba sauti hiyo hiyo. Najua nitaambiwa nyimbo ni za Mungu, majina ya nini. Sawa. Mbona video za kwaya zetu zinamtaja mpiga picha, mshonaji wa sare na hata mwenye gari lililobeba spika?

Mimi nimeshaanza na kitabu changu. Chini ya zile nota nimeongeza kwa penseli: W. H. Monk, 1861. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa sauti ya kwanza alichungulia begani kwangu, akasoma, akaniuliza huyo mzee ni wa usharika gani.