Si homoni, ni dawa tunazowatilia majini
Makala niliyosoma inasema kuku wa kisasa hukua haraka kwa sababu hudungwa homoni. Nafuga kuku wa nyama hapa Chake Chake, Pemba, mwaka wa saba huu, sijaona homoni hata chupa moja. Kuku huyu huchinjwa wiki ya 5 au ya 6 kwa sababu mbegu yake imechaguliwa vizazi kwa vizazi, na usiku taa inawaka ili aendelee kula. Kinachonitia hofu mimi ni ile pakiti ya unga wa manjano, oksitetrasaiklini, antibayotiki yaani dawa ya kuua bakteria, unayouziwa dukani bila kuulizwa chochote. Kuku wawili wakikoroma tu, banda zima linatiliwa dawa majini, maji yanageuka rangi ya mkojo. Pakiti imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ili dawa imtoke kuku mwilini, lakini mwenye harusi kaja leo, na kila siku ya kusubiri ni mfuko mwengine wa chakula kilichovuka bahari kutoka Dar. Wengine huuza. Nami mwaka wa kwanza niliuza, na hadi leo linaniuma. Dawa za jamii hiyo hiyo ndizo tunazoandikiwa hospitali. Vijidudu vikishazizoea, mtoto akiumwa tutamtibu kwa kitu gani? Kwa hofu hiyo hiyo, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Wafugaji wenzangu wa Unguja, nyinyi zile siku mnazisubiri kweli, na hasara yake anaibeba nani?