Kifafa cha Mahenge na kosa la kuhesabu nukuu

Wiki iliyopita nilitoka kikaoni na hasira mpaka nikapitiliza kituo changu cha daladala. Tulikuwa tunajadili kumpandisha cheo mwenzetu, daktari anayetafiti kifafa vijijini. Faili lake lilikuwa mezani, nene, limefungwa kwa kamba. Halikufunguliwa. Mwenyekiti aligeuza kompyuta yake tuone ukurasa wa Google Scholar, akauliza, "H yake ngapi?" Alikuwa anauliza kipimo cha h, namba inayotokana na mara ambazo makala zako zimenukuliwa na wengine: h ya sita ni makala sita, kila moja imenukuliwa angalau mara sita. Jibu: sita. Tukahamia kwa mwombaji anayefuata.

Miaka kumi na moja ya kazi imekatwa kwa tarakimu moja, na mimi nilikuwamo nikanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Mama yangu ni Mpogoro. Likizo nilizokwenda kwao Mahenge, wilayani Ulanga, nilikuwa na binamu ambaye wakubwa walisema "amesinzia kichwa". Tunakula ugali, ghafla mkono wake unasimama kati ya sahani na mdomo, kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Baadaye ndipo zikaja dalili za kuanguka. Siku moja aliangukia mafigani. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilipopona vilikuwa vimeshikana, na hakurudi shule, kwa sababu watu waliogopa mate yake.

Hali hiyo iliandikwa na Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyefika Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 60, akaanzisha kliniki ya kifafa, akawa anawatibu watu ambao hata ndugu zao walikuwa wamewatenga. Mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu kifafa cha Wapogoro katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica. Baada ya hapo, kwa muda mrefu sana, dunia haikuwa na habari na vichwa vinavyosinzia. Mpaka miaka ya 2000, watoto wa Sudan Kusini na wa Kitgum na Pader kule Uganda walipoonekana na hali ileile, ndipo watafiti wakaanza kuuliza nani aliwahi kuiona kabla yao. Wakamkuta yeye, karibu miaka arobaini nyuma.

Sasa niambieni, mwaka 1975 kikao chetu kingempa ngapi? Na makala yake ilikuwa na ukweli uleule.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Ili unukuliwe, lazima pawe na wengine wanaoandika juu ya jambo lako. Anayetafiti ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ana maelfu ya wenzake wenye maabara, fedha na majarida, na wote wanahitaji kumtaja mtu kwenye aya ya kwanza. Anayetafiti kifafa cha Ulanga ana wenzake wachache, tena wengi hawana hata nauli ya kufika kijiji cha pili. Idadi ya nukuu inakwambia kwanza jinsi uwanja ulivyojaa watu. Ukitaka kujua kama mtu amesema kweli, au kama kuna mtoto amepona, itabidi ufungue faili.

Na penye watu wengi nako si salama. Mwaka 2006 jarida la Nature lilitoa makala ya Sylvain Lesné na wenzake kuhusu protini inayodaiwa kuharibu kumbukumbu. Ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2024 ikafutwa, baada ya kubainika dalili kwamba picha zake zilichezewa. Kwenye kikao chetu makala hiyo ingempandisha mtu cheo bila swali.

Haya, nakubali kwamba wapo ambao namba zao kubwa ni halali yao. Karl Friston wa London kipimo chake cha h kimepita 200, na programu yake ya SPM, ya kuchambua picha za ubongo, kweli ilibadilisha fani nzima. Lakini wanaomtaja ni wenye mashine za kupiga hizo picha. Hata Jorge Hirsch, mwanafizikia aliyebuni kipimo cha h mwaka 2005, aliandika mwaka 2020 kwamba kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara makubwa. Kama mwenye chombo anatuonya, sisi tunakishikilia kwa nini?

Turudi Mahenge. Mwaka 2018 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ulaya walichapisha kwamba kifafa bado ni kingi katika vijiji vya huko vyenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha na unaohusishwa na kifafa hiki, ingawa ivamektini, dawa ya usubi, ilikuwa imegawiwa kwa miaka 20. Tangu 2019 dawa ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, na visa vipya vya kifafa vikapungua. Mgawa dawa anayepita nyumba kwa nyumba na fimbo yake ya kupimia kimo hataandika makala ya kumnukuu mtu, wala mama anayemsimamisha mwanawe kwenye ile fimbo.

Mwenzetu naye, ndani ya faili lile, ana mwongozo alioandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini: mtoto akianguka umlaze vipi, usimtie kijiko mdomoni, dawa isikatishwe hata akionekana amepona, mafiga yainuliwe au yazungushiwe ukuta. Nilikwenda kuusoma siku ya pili. Kwenye ukurasa wa mafiga nilikaa muda mrefu. Kwa hesabu ya kikao, mwongozo ule ni sifuri, maana haumo kwenye jarida na hauna wa kuunukuu.

Kikao kingine ni mwezi ujao. Nimeandika barua kwa mwenyekiti kuomba shauri lile lirudishwe, na kila mjumbe apewe nakala ya mwongozo aisome kabla hatujapiga kura. Una kurasa kumi na mbili tu.