Aliyeacha Madhabahu na Siasa za Taifa Lililojeruhiwa

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ulioambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti, huku kusini mwa Tanzania kuna watu wanaosikilizwa kuliko wanasiasa: waliowahi kuwa wachungaji na mapadri. Huyu sasa ni mkulima wa korosho Masasi, yule ana duka Mtwara mjini. Jioni wanajadiliana kibarazani kama Mkristo anapaswa kuitii mamlaka iliyomwaga damu. Mmoja anasoma Warumi 13, inayoagiza kutii mamlaka, mwenzake anamjibu kwa Matendo 5:29, inayosema kumtii Mungu kuliko wanadamu. Wapo wanaowashukuru kwa ujasiri wao, na wapo wanaowaambia wanyamaze, maana utumishi waliuacha wenyewe.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Mchungaji aliye kazini ana kanisa la kulinda, nalo limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Wiki chache kabla, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, alishambuliwa Kurasini, Dar es Salaam. Aliyeacha utumishi anaweza kuumizwa vilevile, lakini waumini wake hawatafungiwa milango kwa sababu ya ulimi wake. Uhuru huo ni wa kweli, na wakati huu tunauhitaji.

Wanaowapinga wanauliza: akikosea, nani atamwita? Aliye kazini ana wazee wa kanisa au askofu wa kumhoji, na Jumapili atasimama mbele ya waumini wa vyama vyote. Aliyeondoka hana hata kimoja, ila bado anaitwa "Mchungaji", na neno lake linapokelewa kana kwamba limetoka mimbarani. Hapa ndipo ninapowaunga mkono hao wanaowapinga.

Dk. Willibrod Slaa alikuwa padri na Katibu wa TEC. Akawa mbunge wa Karatu, akagombea urais kwa tiketi ya Chadema mwaka 2010, akajitoa kwenye chama 2015, akateuliwa balozi Sweden, kisha 2023 akakamatwa alipopinga mkataba wa bandari. Wengine wanaona dhamiri, wengine kigeugeu. Lakini wote wanampima kwa hoja na kwa kura, kama mwanasiasa yeyote, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Sisi wa kusini tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, kutoka Ngarambe, maji ya dawa ya mganga Kinjekitile yaliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya kodi na kilimo cha lazima cha pamba. Bila imani ile sidhani kama wangethubutu kuinuka pamoja. Imani hiyohiyo iliwapeleka mbele ya bunduki wakiamini risasi zitageuka maji. Na vita vilipofika kwenye misheni za Lukuledi na Nyangao, waliolengwa hawakuwa tena maakida na watoza kodi peke yao. Dini inaweza kumpa mnyonge ujasiri wa kudai haki yake, na inaweza kumfumba macho asione hatari wala asijue adui yake ni nani.

Linganisha na gesi. Mei 2013 Mtwara ilipowaka kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam, kilio cha "gesi haitoki" kilikuwa cha Mwislamu na cha Mkristo. Wiki tatu baadaye, Juni 14, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika shauri la mgombea binafsi. Alikuwa mchungaji, na maneno yake jukwaani yaliwahi kuwa makali mno, lakini mahakamani alishinda kwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

Kwa hiyo waseme, tena kwa sauti, ila kama raia. Katika mkoa ambao Waislamu ni wengi, mjadala wa Warumi 13 unamwacha jirani nje hata kama msiba ni wake pia. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi, na hiyo mkulima wa Masasi na sheikh wa Mikindani wanaweza kuidai pamoja.