Magna Carta: ugomvi wa makabaila uliozaa katiba

Ukiuliza katiba zilianzia wapi, wengi watakutajia Magna Carta, hati aliyoipiga muhuri Mfalme John wa Uingereza pale Runnymede, kando ya mto Thames, Juni 1215. Kama kweli inastahili sifa hiyo, ni ubishi wa siku nyingi.

Wanaoipinga hawakosi hoja. John alipoteza Normandy, jimbo lake huko Ufaransa, mwaka 1204, akawakamua makabaila kodi ili airudishe, akashindwa tena 1214. Wakachoka, wakaingia London na silaha zao, naye akakosa pa kutokea. Ukiisoma hati yenyewe utadhani ni muhtasari wa kikao cha kusuluhisha mambo ya mali: ada za urithi, madeni, mitego ya samaki iondolewe kwenye mito ya Thames na Medway, upana wa nguo uwe mmoja nchi nzima. Inamtaja “mtu huru”, lakini wakulima wengi hawakuwa huru. Walikuwa mali ya shamba kama ng'ombe wa kulimia. Tena Agosti ya mwaka huo wa 1215 Papa Innocent III akaibatilisha, vita vikaanza.

Hata hivyo, siwezi kuitupa. Kifungu cha 39 kilisema mtu huru asikamatwe wala kunyang'anywa mali ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Wabunge wa Uingereza wakalishika wazo hilo dhidi ya Mfalme Charles I mwaka 1628, Wamarekani wakaliingiza kwenye katiba yao 1791. Kwetu Tanzania lina ndugu yake katika ibara ya 15 ya Katiba, ingawa haki za aina hiyo ziliingizwa humo 1984, miaka 23 baada ya uhuru.

Kwangu mimi, utamu uko kwenye kifungu cha 61, ambacho hakisifiwi sana. Makabaila 25 waliruhusiwa kuziteka ngome za mfalme akivunja ahadi. Yaani walishajua kwamba maneno matupu hayamfungi paka kengele. Dawa yao ilikuwa vita, na hati ilipotolewa upya 1216 kifungu hicho kiliachwa. Sisi badala ya upanga tuna ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuitetea Katiba. Mwaka 2020 Bunge likaweka sharti: anayefungua shauri aonyeshe kwanza, kwa kiapo, jinsi yeye binafsi alivyoathirika.