Usukani ukiwa mzito kwenye mkonga, pampu iwe ya mwisho kulaumiwa

Nimechoka kuona pampu za stelingi, zile zinazosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, zikifunguliwa bila kosa. Mwenye Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo, anapeleka gari gereji, anasema usukani umekuwa mzito. Fundi anafungua boneti, anasikiliza kidogo, kisha hukumu inatoka: "Bosi, pampu imekwisha." Mwenye gari anatumwa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, anarudi na pampu ya mtumba iliyotoka kwenye gari asilolijua, inafungwa, na usukani uko vilevile. Sasa lawama zinahamia kwenye stelingi boksi, lile boksi la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa rodi. Hela imetoka mara mbili, na hakuna aliyeshika gurudumu hata kulitikisa.

Msimamo wangu ni huu: kwenye gari la zamani lenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili), yaani Land Cruiser za familia ya 70, zile za 105, hata Land Rover Defender, uchunguzi uanzie chini kwenye matairi, upande taratibu mpaka kwenye usukani, na pampu ichunguzwe mwisho. Pampu inamsaidia tu dereva. Kati ya mikono yake na tairi kuna jointi, rodi na beringi nyingi, na chochote kati ya hivyo kikikaza, pampu nzima kabisa itaonekana mbovu.

Upepo kwanza, na upimwe kwa geji, si kwa teke. Tairi pana lililopungua upepo, gari likiwa limesheheni abiria na mizigo ya safari, linatosha peke yake kufanya usukani uwe mzigo.

Kisha muulize dereva maswali mawili kabla hujashika spana. La kwanza: ukitoka kwenye kona, usukani unarudi wenyewe? Kama haurudi, ukabaki pale ulipouacha, mshuku msuguano wa vyuma kabla ya oili. La pili: uzito unapungua ukikanyaga mafuta? Kama gari likiwa sailensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, usukani ni mzito, na injini ikipanda unalainika, hapo ndipo pampu, mkanda au oili vinastahili kuangaliwa. Maswali haya hayana gharama yoyote, na ni nadra sana kuyasikia gereji.

Sasa jeki. Nyanyua ekseli ya mbele mpaka matairi yote mawili yaache ardhi, gari likae kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Zima injini. Fungua rodi inayotoka kwenye mkono wa stelingi boksi, kisha shika tairi kwa mikono miwili ulipeleke kulia na kushoto. Linatakiwa kwenda kwa ukinzani mdogo, ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Likikaza, au likikwama mahali fulani kisha likaachia, tatizo umelishika mikononi mwako, na pampu haihusiki hata kidogo. Fungua na rodi inayounganisha magurudumu mawili, utajua ni upande upi. Tairi zikienda vizuri, panda ndani uzungushe usukani taratibu: uzito ukiwa bado upo, uko kwenye boksi au kwenye shafti ya usukani, ile fimbo inayotoka usukani kwenda boksi.

Kwenye Land Cruiser hizi, mara nyingi mkosaji ni zile beringi mbili, ya juu na ya chini, zinazobeba gurudumu linapokata kona. Zinakaa chumba kimoja na jointi ya ekseli, na chumba hicho hujazwa grisi. Oili sili ya ndani ikichoka, oili ya difu, zile gia zilizo ndani ya ekseli, inaingia, inaiyeyusha grisi, halafu inachuruzika nje nyuma ya lile tufe la chuma lililo mwisho wa ekseli, karibu na gurudumu. Ukiona tufe limelowa na vumbi limegandia hapo kama uji, usipanguse ukaendelea na safari. Gari linalovuka mito linaongeza na maji humo ndani. Nimeona beringi za namna hii zikitolewa: rola zimeshika kutu, na kwenye kikombe chake zimechimba mistari, mmoja kwa kila rola. Gurudumu linaingia kwenye mistari hiyo na kugoma kutoka, na dereva huko juu anasema usukani unakwama katikati.

Kuna na kosa la upande wa pili. Fundi anafunga beringi mpya lakini hajali vile vipande vyembamba vya kurekebishia mkazo wa beringi, anakaza tu. Gari linatoka gereji likiwa zito kuliko lilivyoingia. Kitabu cha gari kinataja nguvu inayohitajika kuanza kulizungusha gurudumu, na inapimwa kwa mizani ya ndoano, kama ile ya muuza samaki, ikivutwa kwenye ncha ya mkono wa gurudumu, pale rodi inapofungwa. Kifaa hicho kinapatikana soko lolote, na sioni kisingizio cha fundi wa magari haya kukikosa.

Shafti ya usukani nayo inasahaulika. Jointi yake ya msalaba iko karibu na joto la injini, inakula matope na vumbi. Ikianza kushika kutu, usukani unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, mara mbili kwa kila mzunguko. Pampu mbovu haifanyi hivyo. Wakati mwingine inalainika kwa dawa ya kulegeza kutu na grisi. Iliyokwisha ibadilishwe, kwa sababu usukani uliokatika mwendoni hauna breki ya kuurekebisha.

Yakipita yote hayo, njoo kwenye oili. Toyota nyingi za umri huu na Defender zinatumia ATF, yaani oili ya gia otomatiki, ya Dexron. Soma kifuniko cha kikopo cha oili ya stelingi uhakikishe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imwagwe. Yenye povu inavuta hewa, mara nyingi kwenye mpira unaotoka kikopo kwenda kwenye pampu, na mpira huo unaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone. Injini yenye mkanda, kagua mkanda. Na tafadhali, asitokee mtu wa kukuongezea oili ya breki "kwa dharura". Inaharibu sili za mpira kuanzia pampu hadi boksi, na hapo ubovu uliokuwa wa kuwaziwa unakuwa wa kweli.

Pampu yenyewe hufa, sikatai. Lakini hata hapo kuna vali ndogo ndani yake inayokwama kwa uchafu, na kuisafisha ni kazi ya asubuhi moja. Gereji inayojiita bingwa wa magari ya safari iwe na geji ya presha ya kufunga kati ya pampu na boksi, itoe jibu kwa namba.

Ikilazimika kubadilishwa, simama hapo mpaka hewa itolewe: matairi juu, injini imezimwa, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho huku oili ikiongezwa, ndipo injini iwashwe na zoezi lirudiwe, bila kuubana usukani mwishoni zaidi ya sekunde 10. Povu likiwa bado linaonekana kwenye kikopo, usipokee funguo.